Bright: neno lililojificha ndani ya majina yetu

Leo tunaongelea neno moja tu la Kingereza: bright. Linatusumbua kweli. Kwenye fomu za burse halikosekani, eti wanatafuta vijana "bright". Wengi wetu tulisoma sekondari kwa Kifaransa upande wa Goma, na bright tulijua ni mwanga mkali, basi. Sasa mtu awe mwanga namna gani?

Kumbe yote mawili ni sawa. Waingereza wa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita walisema beorht, yaani kitu kinachong'aa. Maana ya mtu mwenye akili ilikuja nyuma sana, karne ya 18. Sisi tunasema mtoto ana kichwa chepesi. Wao akili wanaiona kama taa.

Lakini kilichotuchekesha ni hiki: neno hilo tunaliita kila siku bila kujua. Wajerumani wa zamani walikuwa na ndugu yake, beraht, na walilifunga kwenye majina ya watoto. Albert: mwenye ukoo bora, anayeng'aa. Robert: sifa inayong'aa. Gilbert, Hubert, Norbert, Lambert, hao wote wamebeba "bert" yao mwishoni. Majina yakatufikia kwa ubatizo na kwa Kifaransa, na leo ukiita "Albert!" kwenye foleni ya maji, vichwa vitatu vinageuka. Kwa hiyo bright tunao wa kutosha.

Kuna Albert mwingine, Einstein. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933, yeye alikuwa nje ya Ujerumani, hakurudi tena kuishi kwao. Mkimbizi kama sisi. Ile burse ya DAFI ya HCR na serikali ya Ujerumani, inayolipia wakimbizi chuo kikuu tangu 1992, imebeba jina lake.

Si kila mwanga ni mzuri, lakini. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, mbingu ikawa nyekundu, tukaonana sura kabisa usiku tukikimbia na watoto mgongoni. Huo nao Mwingereza angeuita bright. Halafu tukafika Busasamana, chini ya shitingi, na huko giza likawa giza. Saa kumi na mbili na nusu jioni kitabu kimefungwa.

Hapo ndipo tunataka kuongea na ninyi mnaotusaidia, kwa heshima. Tunamjua dada mmoja aliyekuwa anasomea nje, chini ya taa ya mlinzi, mpaka anafukuzwa. Mwenzake alikuwa na taa ya sola hemani. Kwenye mtihani wa kuchagua wa burse moja, mwenye taa alipita, yule dada hapana. Kwenye karatasi mmoja akaandikwa bright, mwingine akaandikwa jina lake tu. Sisi hatuoni kama walipimwa akili. Walipimwa taa.

Tunaomba swali moja liongezwe kwenye fomu: usiku unasomea wapi?

Na aliye na taa ya sola anayoitumia kuchaji simu tu, ailete kwetu jumamosi. Wenye mtihani wa mwisho wa mwaka ndio watakaoanza, zamu ya siku mbili mbili.