Picha kwa Hisani ya Mtandao

Simu ilinikuta kwenye daladala ya Buhongwa, tumekwama Mkuyuni. Namba ngeni. Sauti ya mzee, ya taratibu: "Wewe ndiye uliyeweka ile picha ya watu wa bandarini, ya Bukoba? Picha ile ni yangu. Naomba uitoe."

Ilikuwa Mei 22, mwaka juzi. Jana yake nilikuwa nimeandika kumbukumbu ya MV Bukoba, meli iliyozama asubuhi ya Mei 21, 1996 ikikaribia kufika Mwanza. Sisi wenye blogu za huku kila Mei tunarudia picha zilezile: chuma kilichopinduka majini, umati, makaburi ya Igoma. Ile ya umati niliiokota tu, na chini yake nikaweka maneno ambayo waandishi wengi wa nchi hii tumeshawahi kuyaandika: Picha kwa hisani ya mtandao.

Mtandao upi? Hisani ya nani? Chuoni nilisoma sheria za habari na nikafaulu vizuri, lakini niliandika hivyo bila mkono kutetemeka.

Nikamjibu kisomi. Shikamoo mzee, hii ni habari, sheria inaruhusu kutumia picha kwenye habari. Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo. "Habari ya miaka zaidi ya ishirini, kijana wangu?"

Nikashuka Butimba.

Anakaa si mbali na chuo cha ualimu. Zamani alikuwa na studio: picha za pasipoti, mahafali ya wanachuo, harusi za askari magereza. Alinitolea mkebe wa biskuti uliojaa negativu zilizokatwa vipande vipande, kila kipande kimefungwa kwenye karatasi yenye tarehe kwa penseli. Akainua kimoja dirishani. Anga jeusi, nyuso nyeupe. Akaweka kidole kwenye uso mmoja.

"Huyu mama yao."

Mkewe alikuwa pale bandarini akimsubiri mdogo wake wa kiume. Mzee, kwa mazoea ya kazi, alipiga picha tatu, kisha akaona aibu, akairudisha kamera kwenye mkoba. Hakuliuzia gazeti lolote. Alisafisha nakala moja tu, ikakaa kwenye albamu, hadi mgeni mmoja kwenye msiba wa familia alipoipiga kwa simu. Sasa kila Mei anatokea mtu na simu yake mkononi: mama, si wewe huyu? Mdogo wake hakuonekana mpaka leo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko upande wa mzee moja kwa moja. Haki ni yake tangu alipobonyeza, bila kusajili popote, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Anaweza kudai jina lake litajwe, na anaweza kukataa isitumike kabisa. Ile ruhusa ya habari niliyomtupia kwenye simu ni ya matukio ya sasa, haivutwi mpaka 1996. Lakini kilichonikaa kooni ni kingine. Sheria hiyo inamsikiliza yeye kwa sababu alishika kamera. Mwenye uso haimuulizi. Kama angepiga simu mama mwenyewe, hana negativu, hana mkebe, ningemjibu nini? Namjua yule jamaa wa kwenye daladala. Angemwambia pole mama, hii ni habari ya taifa.

Niliifuta palepale mezani kwake. Dakika moja haikuisha. Tatizo, wenzangu walikuwa wameshaichukua kwangu, na wawili, kwa uungwana kabisa, waliandika picha ni ya blogu yangu. Nikawaandikia waitoe. Mmoja akauliza: kwani wewe ndiye mmiliki?

Swali zuri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataka notisi ya namna hiyo iwe na jina, anwani na sahihi ya anayelalamika. Makampuni ya Marekani nayo yanataka utamke kwamba wewe ni mwenye haki au umetumwa naye, na useme uongo uone. Mimi mwizi wa kwanza ningetia sahihi gani? Basi tukawa tunakaa Jumamosi, mimi na kompyuta yangu, mzee na miwani yake, kiungo kimoja baada ya kingine, mwishoni anaweka sahihi ndefu ya kizamani. Mama akileta chai aliuliza tunaandika nini. Mzee alisema barua za kazi.

Wengi waliitoa. Mmoja hakujibu. Mwingine aliijibu notisi kwa kugonga nembo yake juu ya picha.

Mwaka huu nimeandika kumbukumbu bila picha. Wasomaji watatu wameuliza picha iko wapi. Usiku mzee akapiga, kuna mtu wa Dar ameiweka tena, safari hii wameitia rangi, kitenge cha mama wamekifanya chekundu.

"Kilikuwa cha kijani," akasema.

Nikamwomba anitumie kiungo.