Usipime Kinachotikisika

Leo tarakilishi tunaiweka kando kidogo. Mada ni gari: kubadilisha vipuri vilivyochakaa vya saspensheni ya mbele, kisha kunyoosha magurudumu, ile kazi mafundi wetu wanaiita alaimenti. Yote nyumbani, kwa vifaa vya kawaida. Lakini msidhani nimeacha programu. Mkisoma hadi mwisho mtaona ni kazi ileile, ila hapa hitilafu ikipita bila kuonekana inaweza kuua mtu.

Gari lenyewe ni la mama: Toyota Corolla ya muundo wa NZE121, ule ulioanza kutoka kiwandani mwaka 2000. Mama ni mwalimu. Kila siku ya shule hutoka Thika kwenda upande wa Gatanga, na njia yake ina mawe na matuta ya kutosha. Huwabeba walimu wenzake wawili. Katika mwaka mmoja alinunua tairi za mbele mara mbili. Mara zote mbili gari lilipitishwa kwenye mashine ya alaimenti, akapewa karatasi yenye namba za rangi ya kijani, yaani kila kitu sawa. Miezi michache baadaye tairi zikawa zimeliwa tena upande wa ndani.

"Mwanangu, siku hizi wanatuuzia tairi feki," akaniambia kwa simu.

Tairi hazikuwa feki. Na mashine haikudanganya. Yeyote aliyeandika programu kwa muda anaijua hali hii: majaribio yanafaulu ofisini, kwa mteja programu inaanguka. Mashine ilipima gari likiwa limesimama kwenye sakafu laini. Barabarani mambo ni mengine. Bushi ikiwa imechanika, mama akikanyaga breki mkono wa chini unarudi nyuma kidogo, na gurudumu linageuka bila usukani kuguswa. Namba ya kijani ilikuwa kweli kwa dakika ile tu ya kupimwa. Mara zote mbili hakuna aliyelishika gurudumu na kulitikisa kabla ya kupima.

Basi likizo ya shule ya Agosti 2024 nikaenda nyumbani na sanduku la spana. Sheria ya kwanza, na hii sina mzaha nayo: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tafuta sakafu ngumu, weka kigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha gari likae juu ya stendi. Gurudumu unalolitoa lisukume chini ya gari kama akiba ya mwisho. Jeki ni ya kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi.

Kupima uchakavu hakuhitaji mashine. Gurudumu likiwa hewani, lishike pande mbili, kama saa inavyoonyesha tisa na tatu, ulitikise. Likicheza, shuku tairodi, vile viungo vinavyotoka kwenye reki ya usukani. Kisha lishike juu na chini, saa kumi na mbili na sita, utikise tena. Hapa inaweza kuwa boljointi au beringi ya gurudumu, kwa hiyo mwombe mtu atikise wakati wewe unaangalia ni kiungo gani kinachosogea. Mdogo wangu ndiye aliyetikisa. Mwisho, weka mtaimbo chini ya tairi uliinue kidogo. Boljointi nzima haitoi hata mlio.

Ya upande wa kushoto ilitoa mlio. Kifuko chake cha mpira kilikuwa kimepasuka, grisi imeisha, ndani kumejaa vumbi lililogeuka kuwa kama msasa. Bushi za nyuma za mikono yote miwili zilikuwa zimechanika. Nilimwita mama aangalie. Hakusema kitu kwa muda, halafu akauliza, "Hii ikitoka nikiwa njiani?"

Nilimjibu ukweli. Katika saspensheni ya aina hii, inayoitwa MacPherson kwa jina la mhandisi Earle MacPherson, na ambayo Ford Consul ya mwaka 1950 ni mojawapo ya magari ya kwanza kuitumia, gurudumu la mbele linashikwa juu na nguzo ya springi na shoki, na chini na boljointi moja. Moja tu. Ikichomoka, gurudumu linalala upande na usukani hauna kazi tena. Katika lugha ya kazi yangu, hiyo ni seva moja isiyo na akiba, na watu watatu wamekaa juu yake.

Vipuri vilitoka Kirinyaga Road, Nairobi: boljointi mbili, bushi, na tairodi za nje mbili. Badilisha kwa jozi. Kama upande mmoja umechakaa, wa pili ulipita barabara hiyohiyo.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko nguvu. Pulizia nati mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia. Kabla ya kutoa tairodi ya nje, weka alama ya rangi na uhesabu imeingia mizunguko mingapi, ili mpya irudi karibu na palepale. Hiyo ndiyo nakala yako ya akiba. Kiungo chenye umbo la pia kikigoma kutoka, gonga kwa nyundo ubavu wa chuma kinachokishika, usigonge mwisho wa hesi. Kwenye Corolla hii boljointi imefungwa kwenye mkono wa chini kwa bolti na nati, kwa hiyo inabadilishwa peke yake bila kununua mkono mzima. Bushi zilihitaji mashine ya kushindilia, nikaipeleka mikono kwa fundi jirani.

Mzee huyu amefanya kazi ya jua kali tangu sijazaliwa. Alizishindilia, akanirudishia mikono, kisha akasema, "Kijana, bolti za mikono hii usizikaze gari likiwa hewani."

"Kwa nini, Mzee?"

"Mpira utakuwa umejikunja siku zote gari likiwa chini. Utachanika kabla ya Krismasi."

Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo likielezwa wazi hivyo. Bushi hizi haziteleze. Mpira umeshikamana na chuma na hujipinda mkono unapopanda na kushuka. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, hapo ndipo panakuwa sifuri yake. Kwa hiyo funga bolti kwa mkono tu, shusha gari likae kwa uzito wake, kisha ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Pini za kufungia nati weka mpya kila mara. Nati za magurudumu za Corolla hii ni newtoni-mita 103, si "mpaka spana ilie".

Sasa, na sasa ndiyo saa yake, alaimenti. Jaza upepo sawa, nyoosha usukani, sukuma gari mbele mita chache litulie. Vuta kamba mbili, moja kila upande wa gari, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Umbali kati ya kamba hizo uwe sawa mbele na nyuma ya gari, na gari liwe katikati yake. Kisha pima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa ringi, mbele na nyuma ya gurudumu lilelile. Kipimo cha mbele kikiwa kikubwa, gurudumu linaangalia ndani. Kikiwa kidogo, linaangalia nje. Jumlisha tofauti za pande zote mbili, ulinganishe na kitabu. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele huwa karibu na sifuri.

Kurekebisha ni kulegeza nati ya kufungia na kuzungusha fimbo ya tairodi. Fanya hesabu kwanza. Tuseme mzunguko mmoja unasogeza fimbo milimita 1.5, na mkono wa usukani pale gurudumuni una milimita 120. Mzunguko huo unageuza gurudumu karibu digrii 0.7, na kwenye ringi ya upana wa milimita 380 hiyo ni karibu milimita 5. Nyingi sana! Kwa hiyo zungusha robo, kiasi kilekile pande zote mbili ili usukani ubaki katikati, sukuma gari, pima tena. Badiliko moja dogo, jaribio moja.

Kamba ina mipaka yake. Inakuonyesha kama magurudumu yanaangalia ndani au nje. Mlalo wa gurudumu kutoka juu hadi chini ni kazi ya mashine. Ukiwa umepotoka, tafuta kilichopinda. Kwa hiyo baada ya kazi tulilipeleka gari kwenye mashine. Safari hii namba za kijani zilikuwa na maana, kwa sababu hakuna kilichokuwa kikicheza chini yake.

Muhula wa tatu wote mama aliendesha kwa tairi zilezile. Kufikia mwisho wake zilikuwa zimeliwa sawasawa, ndani na nje. Lakini si fedha za tairi ninazozifikiria gari likitoka getini alfajiri.

Wewe nawe, Jumamosi hii, kabla ya kulipia alaimenti nyingine, inua gurudumu la mbele na ulitikise. Ni dakika kumi. Kikitikisika, usipime. Badilisha kwanza.