Mfuko wa tumboni na kiu ya kujitakia

Leo naomba tuweke siasa pembeni tuongee jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja, hasa wakati wa kula: mtu kutolea choo tumboni na kukipokea kwenye mfuko.

Jambo hili liliingia kwenye ukoo wetu mwaka 2023. Binamu yangu, fundi seremala wa Mbagala, aliugua taifodi, akawa anajitibu kwa vidonge vya kubahatisha mpaka utumbo ukatoboka. Madaktari walimwokoa. Walikata sehemu iliyoharibika, wakautoa mwisho wa utumbo mwembamba nje ya tumbo, upande wa kulia chini ya kitovu. Upasuaji huo unaitwa ileostomi, na lile tundu linaitwa stoma. Aliruhusiwa kurudi nyumbani na mifuko michache na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza. Basi!

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa hiyo nikaanza kuwauliza wauguzi.

Stoma yenye afya ni nyekundu na ina unyevunyevu, kama ndani ya shavu. Haisikii maumivu ukiigusa, na ukiifuta inaweza kutoa tone la damu. Hilo lisikutishe. Ikigeuka zambarau au nyeusi, kimbia hospitali. Wiki za mwanzo huwa imevimba, baadaye inanywea, ndiyo maana inabidi kuipima upya kabla ya kukata tundu la mfuko. Tundu likiwa kubwa, uchafu unagusa ngozi. Na uchafu wenyewe ni mwepesi kama uji, umebeba kemikali za kusaga chakula, kwa hiyo unaichubua ngozi haraka. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, usipake mafuta maana gundi haitashika. Mwaga mfuko ukifika theluthi moja hivi. Ukisubiri ujae, uzito wake utaubandua.

Hayo yote binamu aliyashika upesi. Kilichotaka kummaliza ni aibu. Kila akiwa na safari, alikuwa hali wala hanywi tangu usiku wake, eti mfuko usije ukajaa ndani ya daladala. Ukiisikia hesabu hiyo unaona ina akili. Wiki ya tatu akaanza kizunguzungu, miguu inakaza misuli, mkojo kidogo tena wa rangi ya chai ya rangi. Tukamrudisha hospitali, akatundikiwa dripu.

Ndipo daktari alipotueleza. Utumbo mpana ndio unaofyonza maji na chumvi nyingi kabla choo hakijatoka. Kwa mwenye ileostomi chakula hakifiki huko, kwa hiyo anaweza kupoteza zaidi ya nusu lita kwa siku, pamoja na chumvi yake. Asipokunywa, stoma haifungi bomba. Inaendelea kutoa, mwili unakauka na figo zinaumia. Na maji matupu peke yake hayatoshi, kwa sababu hayarudishi chumvi. Anahitaji pia ORS, ile ya pakiti ya duka la dawa, na chumvi kidogo zaidi kwenye chakula kama daktari hajamkataza.

Chakula nacho kina mambo yake. Wali, ndizi na viazi husaidia choo kuwa kizito. Mahindi ya kuchoma, karanga, uyoga na nyuzi za machungwa zinaweza kuziba, kwa hiyo ziepukwe wiki za mwanzo, na baadaye zitafunwe sanasana. Mfuko ukikaa saa kadhaa mtupu huku tumbo linasokota na mtu anatapika, hiyo ni dharura, na asithubutu kumeza dawa ya kuharisha.

Aibu hii si ya Mbagala tu. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko wa kubandika kwa gundi baada ya kumwona dada yake, Thora, anaogopa kutoka nje kwa ajili ya stoma. Kule Marekani, Rolf Benirschke, mpiga mateke wa timu ya San Diego Chargers, alipasuliwa mwaka 1979 akabaki na ileostomi. Mwaka 1980 alirudi uwanjani na kuendelea kucheza.

Binamu hakuwa na habari na hao wote. Kilichomsaidia ni siku alipowaambia mafundi wenzake ukweli. Mmoja akamtania, "Kumbe mwenzetu unatembea na choo chako, sisi tunapanga foleni!" Wakacheka, naye akacheka. Mchana ule ule alikunywa maji mbele yao. Baada ya hapo, akienda mwagia mfuko, hakuna aliyegeuza shingo.

Ileostomi nyingine ni za kudumu. Ya kwake ilikuwa ya muda, ikafungwa baada ya miezi minne. Lakini miezi minne bila maji asingeifikisha.

Kwa hiyo wadau, ukiwa na ndugu mwenye mfuko, usimsumbue kila siku na swali la utatolewa lini. Muulize, "Leo umekunywa nini?" Halafu kaeni mnywe wote.

Nawasilisha.