Wau Iliyogeuka

Nilipojiunga na chuo cha ualimu, fomu iliuliza iwapo wazazi wangu walijua kusoma. Penye jina la mama nikaandika "hajui". Nyumbani alikuwa na daftari la mashairi aliyoyaandika mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lakini kusoma, kwangu mimi, kulikuwa kusoma herufi za shuleni tu. Daftari hilo sasa ninalo, na asiyejua kulisoma ni mimi.

Ili nijifunze, nimeanza kujitengenezea kadi za herufi katika kompyuta, kwa lugha ya Python na maktaba yake ya kuundia madirisha, Tkinter. Zipo herufi zilizo tayari, lakini nilitaka umbo la mkono wa mama. Nikachagua picha za aina ya XBM, ambazo zina rangi mbili tu, kama wino na karatasi. Faili lake ni maandishi matupu: upana, kimo, kisha safu ya tarakimu. Penye moja pana wino, penye sufuri hapana. Na usipoitaja rangi ya pili, Tkinter haipaki nyeupe. Huacha wazi, ikaonekana rangi ya dirisha lenyewe. Nililipenda jambo hilo.

Nikachora wau kwenye karatasi ya miraba, minane kwa minane. Nikakokotoa kila mstari kwa mazoea yangu, mraba wa kushoto kabisa nikiupa thamani ya 128, wa kulia kabisa 1. Nilipofungua dirisha, wau ilikuwa imegeuka: mkia, ambao hupinda kushoto, umekwenda kulia.

Nusu siku nzima nililaumu programu, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakilaumu kalamu. Kosa lilikuwa langu. Katika XBM, mraba wa kushoto hubebwa na biti ndogo kabisa, ile ya 1, na 128 ni ya mraba wa kulia. Maana yake, ukiiandika baiti kwa tarakimu za moja na sufuri, sharti uanze kuisoma kuliani, kama mama alivyolisoma daftari lake.

Nikazisahihisha namba zote nane. Kisha nikaliweka daftari kando ya dirisha, nikapitisha kidole kutoka kulia. Katika mstari wa kwanza nimeziona wau nne. Herufi zilizo kati yake bado.