Brenda Alikuwa Anarudi Kutoka Wapi?

Nenda harusi yoyote Nairobi, iwe ya kanisa kubwa au ya hema kwa uwanja wa shule, halafu ungoje saa kumi na moja jioni hivi. Keki imeshaliwa, MC ameishiwa na mizaha, wazee wanaangalia saa. Hapo DJ anaweka "Vuli Ndlela" ya Brenda Fassie na hema lote linaamka. Kina mama waliokuwa wamevua viatu chini ya meza wanavitafuta kwa miguu, wengine hawajisumbui, wanaingia peku. Wachache sana kati yetu wanajua maneno. Tunamumunya beti, halafu kiitikio kikifika tunapaza sauti kama watu waliozaliwa Soweto.

Na maneno yenyewe hayako mbali na sisi. Indlela ni njia, na jina la wimbo ni kama kusema fungua njia. Anayeimba ni mama wa bwana harusi. Anamwambia jirani mpenda umbea apishe, aache wivu, kwa sababu kijana ambaye watu walisema hataoa kamwe anaoa leo. Ni mama anawajibu wambea mbele ya wageni. Sidhani kuna mama Kenya anayehitaji kutafsiriwa hiyo hisia.

Wimbo huo uko kwenye Memeza, albamu iliyouza kuliko zote Afrika Kusini mwaka 1998. Memeza maana yake ni paza sauti. Mimi nilizaliwa mwaka huo huo, mwaka wa bomu, kwa hivyo mimi na Memeza ni rika moja. Na karibu kila mahali nilipowahi kusoma kuihusu, inaelezwa kwa njia moja: albamu ya kurudi kwa kishindo.

Stori husimuliwa hivi. Brenda alizaliwa Langa, Cape Town, mwaka 1964, akapewa jina la mwimbaji wa Marekani, Brenda Lee. Mama yake alipiga piano na mtoto akaimbia watalii wapate senti. Akiwa kijana mdogo akaenda Soweto kutafuta muziki. Mwaka 1983, kabla hajafikisha miaka 20, akatoa "Weekend Special" na kundi la Big Dudes, na baada ya hapo hakuna aliyemwita kwa jina la pili tena. Alikuwa Brenda tu, au MaBrrr. Akamwimbia Mandela "Black President", serikali ya ubaguzi ikaupiga wimbo marufuku. Kisha mambo yakaharibika. Ndoa ya 1989 ilivunjika 1991. Kokeini ikaingia. Mwaka 1995 alipatikana hotelini pamoja na mwili wa mpenzi wake, Poppie Sihlahla, aliyeonekana kufa kwa kuzidisha dawa. Brenda akaingia rihabu. Hapo stori inaruka, giza totoro, na ikitua tena ni 1998, Memeza, nuru.

Ni stori tamu. Shida yake ni moja tu. Hilo giza la katikati halikuwepo. Mwaka 1996, mwaka mmoja tu baada ya ile hoteli, Brenda alitoa albamu iliyoitwa Now Is the Time, na ndani yake akaimba na Papa Wemba. Sasa niambie, mtu aliyepotea anaenda studio na Papa Wemba? Alikuwa kazini. Kilichopotea ni macho yetu.

Na upande wa pili wa 1998 pia hauko vile tunavyoambiwa. Hakupona akaishi raha mustarehe. Nomakanjani ilikuja mwaka uliofuata, na nyingine baadaye, hadi Mali mwaka 2003. Mwaka 2001 jarida la Time la Marekani likamwita Madonna wa mitaa ya Waafrika kule Afrika Kusini. Katikati ya hayo yote aliendelea kuingia na kutoka rihabu. Inasemekana jumla ni kama mara 30. Albamu na rihabu zilienda pamoja, bega kwa bega, miaka na miaka. Sisi ndio tulichukua kalamu tukachora mstari hapo 1998 tukasema, haya, hapa amerudi.

Nasema hivi kwa sababu kuchora huo mstari ni kazi niliyowahi kulipwa. Mimi huandikia yeyote anayelipa: wasifu wa watu wa biashara, maelezo ya sabuni, stori za wasanii. Kuna mhariri mmoja alikuwa akininunulia stori za kurudi, elfu mbili kwa moja, na hizo elfu mbili zingeweza kufika baada ya miezi miwili. Muundo ulikuwa ule ule. Msanii alivuma, akaanguka, akamwona Mungu au daktari, sasa ana wimbo mpya. Nikimwandikia kuhusu mtu ambaye bado anahangaika, jibu lilikuwa, "Hii tuiweke kando kwanza. Tungoje apone." Nilimpelekea Brenda. Akapenda mpaka pale nilipofika 2004. Akaniambia nikate aya za mwisho, niishie kwa harusi.

Sikuandika. Si ati nina msimamo mkubwa, elfu mbili ni elfu mbili. Ni kwamba nilikuwa nimeshaona stori hiyo ikifanyika kwetu, na najua aya zinazokatwa ni za nani.

Anti yangu, mdogo wake mama, ni fundi wa nguo. Magauni ya harusi ndiyo kazi yake hasa. Na anti yangu hunywa. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa nalala kwake wakati wa likizo, na asubuhi aliniita kabla ya chai. "Wewe, kuja unitungie uzi." Nilidhani macho yake ni mabovu. Ilikuwa mikono. Ilitetemeka hadi saa nne hivi, mpaka apate kitu kidogo kutoka kwa ile chupa ya robo iliyokaa nyuma ya marobota ya vitambaa. Baada ya hapo alikaa kwa cherehani na hakuna aliyemfikia. Lesi yake haikuwahi kukunjamana. Zipu zake zilipanda kama maji. Bibi harusi walitoka hadi Nakuru kuja kumtafuta.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo, alianguka vibaya. Wateja wawili walifika wiki ya harusi na magauni hayajakatwa. Familia ikafanya kikao kwa anko mkubwa, tukachanga, na hesabu ikawa wazi kabla mtu hajaisema: kulikuwa na pesa ya kitu kimoja. Ama karo yangu ya muhula uliokuwa unakuja, ama miezi mitatu kwa kituo cha waraibu. Anko akasema, "Kijana anaweza kungoja muhula mmoja, huyu hawezi." Hakuna aliyeniuliza. Wangeniuliza ningekubali, lakini ningependa kuulizwa.

Anti alitoka kituoni amenenepa, anacheka. Tulichinja mbuzi. Pasta aliitwa akaomba, akasema mwana mpotevu amerudi, na watu wakapiga makofi. Miezi minne baadaye chupa ya robo ilirudi nyuma ya marobota. Alipoenda kituoni mara ya pili na kutoka, tulikunywa chai. Mara ya tatu alipanda matatu peke yake akaja nyumbani, akakuta watu wanaangalia habari, mtu akasema, "Ah, umefika," basi. Na muhula wangu mmoja ukawa miwili, ukawa mwaka, kisha chuo kikaacha hata kunitumia barua pepe.

Kwa muda mrefu nilifanya hesabu moja kichwani. Karo yangu ilinunua nini? Miezi mitatu ndani na minne nje. Miezi saba. Nikiwa na hasira, nilisema imenunua bure, kwa sababu haikudumu. Hivyo ndivyo familia yote ilivyoona pia. Kama hakurudi moja kwa moja, basi hakuwahi kurudi, na mbuzi tulimchinja kwa makosa.

Ila katika ile miezi minne ya nje, anti alishona magauni sita. Najua kwa sababu nilikuwa nyumbani sina darasa la kwenda, na mimi ndiye nilikuwa nampelekea lesi kutoka Eastleigh. Sita. Kuna wanawake sita wana picha ukutani, na watoto wao wanauliza, mama, hili gauni alikushonea nani. Gauni halijui kwamba fundi wake alianguka tena mwezi wa tano. Miezi ile ilikuwa miezi kamili.

Hapa kuna mtu atataka kunipeleka mahali ambapo sitaki kwenda. Atasema, unaona, mateso ndiyo hutengeneza sanaa, bila kokeini hatungepata Memeza, bila ile chupa anti yako hangeshona vile. Hapana. Anti alishona vizuri licha ya chupa, na siku ilipomshinda wateja walilia mlangoni. Nyuma ya Memeza alikuwepo Sello "Chicco" Twala, mtayarishaji aliyekuwa amefanya kazi na Brenda tangu miaka ya 80, anayemjua akiwa sawa na akiwa si sawa. Kulikuwa na wapiga ala, waitikiaji, watu wa kampuni. Mtu mgonjwa akifanya kazi nzuri, tafuta aliyemtungia uzi asubuhi. Huyo huwa haonekani kwenye stori ya kurudi kwa kishindo, kwa sababu stori hiyo inataka mtu mmoja, jitihada moja, siku moja.

Pia inataka tusimame kando tukingoja. Hilo ndilo linanikera zaidi. Sisi Nairobi tumekuwa hodari wa kungoja na simu mkononi. Msanii wa zamani akionekana stendi amelewa, viatu haviko, mtu anamrekodi kabla hajamsalimia. Kufika jioni video imezunguka, watu wanaandika "pole sana" na kucheka chini yake. Kisha tunamwambia kwa pamoja: pona, halafu urudi, tutakupokea. Katikati ya hapo jukwaa hapewi. Ni kama kumwambia mtu aliye majini kwamba akifika ufukoni tutamfundisha kuogelea.

Sasa zile aya ambazo mhariri hakuzitaka. Tarehe 26 Aprili 2004 Brenda alianguka nyumbani kwake Johannesburg. Alilazwa hospitalini akiwa hana fahamu, na Afrika Kusini ikasimama. Mandela alienda kumwona. Rais Thabo Mbeki alienda. Tarehe 9 Mei akafa, akiwa na miaka 39. Mwanzoni watu waliambiwa ni pumu. Uchunguzi ukaonyesha kokeini. Alizikwa Langa, alikozaliwa.

Ukiisoma kwa macho ya yule mhariri, hiyo 2004 inaharibu 1998. Albamu ya kurudi inageuka kuwa uongo, maana aliyerudi aliondoka tena. Mimi nimeshindwa kuisoma hivyo. Kutoka Memeza hadi kifo chake ni miaka sita, na miaka sita si kidogo. Hakuna siku hata moja kati ya hizo iliyofutwa na siku ya mwisho. Yule mama wa kwenye wimbo hakuahidi kwamba ndoa itadumu. Alisema tu kwamba leo kijana anaoa, na waliosema haiwezekani wapishe.

Watu wa kwetu bado huniuliza nitarudi lini chuo. Wanauliza kwa upendo, najua, hasa anko, ambaye huangalia chini akiuliza. Nikipata karo huenda nikarudi. Nisipopata, bado nitaandika Jumatatu, na hilo si jambo la kungojea kibali.

Anti naye yuko. Kuna wiki ana kazi na kuna wiki simu yake imezimwa. Mwezi jana aliniandikia kwamba amepata gauni la Desemba, lakini lesi imepanda bei Eastleigh, kama ninaweza kumsaidia na elfu moja mia tano. Nilikuwa nimelipwa siku hiyo. Nilituma kwa M-Pesa, na sikumuuliza amefikisha siku ngapi. Nilimuuliza gauni ni la mikono mirefu au mifupi.