Kongosho na Siku ya Kufunga

Kila Kwaresima hunijia waamini wenye kisukari wakiuliza kama wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wengi huuliza kwa aibu, kana kwamba maradhi ni kisingizio. Kanisa halimdai mgonjwa mfungo utakaomdhuru. Lakini nimeona jibu hilo peke yake haliwatulizi, ndipo huwaeleza habari za kongosho.

Mwenye afya akila ugali, sukari hupanda katika damu, na kongosho humwaga insulini. Homoni hiyo huifungulia sukari mlango wa misuli, na huliamuru ini liweke akiba. Saa zipitapo bila chakula, insulini hupungua, na homoni nyingine ya kongosho lilo hilo, glukagoni, huliamuru ini kuitoa akiba ile kidogo kidogo. Akiba ikipungua, ini hutengeneza sukari mpya. Kwa hiyo afungaye huona njaa, naam, lakini ubongo wake haukosi riziki.

Insulini ya sindano haina utii huo. Ikishaingia mwilini hairudi nyuma, hata kama mtu hajala. Tena kwa wengi walioishi miaka mingi na kisukari cha aina ya kwanza, glukagoni nayo haiitikii tena sukari inaposhuka chini ya miligramu 70 kwa desilita. Huja kijasho chembamba, mtetemeko, kuchanganyikiwa, hata kuzirai.

Mama mmoja mwenye kisukari cha aina hiyo aliniambia ameliona hilo, hivyo siku ya mfungo huiacha sindano. Nilishtuka. Pasipo insulini, ini huendelea kumwaga sukari ingawa tumbo ni tupu, na damu huchacha kwa asidi zitokazo katika mafuta yanayoyeyushwa. Kabla ya insulini, madaktari waliwatibu watoto wa kisukari kwa kuwanyima chakula, nao walikonda hadi kufa. Leonard Thompson, aliyekuwa wa kwanza kudungwa insulini, huko Toronto mnamo Januari 1922, alikuwa na miaka 14 na uzito wa kilo 29 hivi. Mfungo huo ulikuwa umewekwa na waganga, wala haukumponya.

Nilimsihi mama yule aende kwa daktari wake kwanza. Ijumaa Kuu iliyofuata alidunga sindano yake, akanywa uji, kisha akaifuata Njia ya Msalaba yote, glukosi ya unga ikiwa imefungwa katika pindo la kanga.