Saa ya Stendi ya Kibiti
Fedha za mabati nilikuwa nimekwisha kuzihesabu pale stendi ya Kibiti, ninunue Rolex iliyokwisha kutumika. Nami, kusema kweli, nilijiona bwana mkubwa. Mke wangu akanishika mkono: “Baba Mwajuma, twende kwanza kwa fundi.” Kijana muuzaji akatufuata shingo upande.

Fundi hakulitazama jina wala mng’aro. Alitazama mshale wa sekunde: ulikuwa ukiruka hatua kwa hatua, kama wa saa ya betri. Rolex nyingi hazitumii betri. Mashine ya nyingi za siku hizi hupiga mara 8 kwa sekunde, na mshale huonekana ukiteleza. Akafungua mfuniko wa nyuma. Betri, na plastiki.

Nilipoinua macho, kijana hakuwapo. Saa ameiacha, Mwajuma huichezea.